Kaseti Ishirini kwenda Dodoma

Mwezi Septemba tulipanda treni ya asubuhi kutoka Dar es Salaam kwenda Dodoma tukiwa na kaseti ishirini za LTO-8 ndani ya sanduku la plastiki ngumu. Kaseti moja hubeba terabaiti 12, kwa hiyo miguuni petu palikuwa na terabaiti 240: mahojiano ya wazee, ngoma za mavuno, tarabu iliyorekodiwa ukumbini miaka mingi nyuma, filamu zilizochanganuliwa picha kwa picha. Nakala hizo zilikuwa hazijawahi kutoka nje ya jiji. Mimi pia nilikuwa sijawahi kufika chumba cha Dodoma zilikokuwa zinakwenda. Kiongozi wa kitengo chetu cha mitambo, ambaye kazini kila mtu humwita Mama, ndiye aliyetaka nifuatane naye, na kazi aliyonipa ilikuwa moja tu: kuandika kila swali litakaloulizwa na fundi wa kule.

Wengi huuliza kwa nini mzigo wa namna hiyo usitumwe kwa mtandao. Laini ya gigabiti moja kwa sekunde, ikifanya kazi usiku na mchana bila mtu mwingine kuigusa, ingechukua siku 22 kuufikisha. Treni ya umeme inafika Dodoma chini ya saa nne. Ukipiga hesabu, sanduku lile lilikuwa linasafirisha zaidi ya gigabiti 130 kila sekunde, kwa nauli ya watu wawili.

Kwenye ukaguzi wa mizigo pale stesheni nilisita. Mashine ya eksirei ilikuwa inavuta mabegi moja baada ya jingine, nami nikalishikilia sanduku. Mama akalichukua, akaliweka kwenye mkanda.

“Eksirei haina habari na sumaku, mwanangu. Ogopa sumaku kali ikiwa karibu, ogopa joto, unyevu, na kudondosha. Hasa kudondosha.”

Ana sababu. Ndani ya kaseti ya LTO kuna gurudumu moja tu. La pili limo ndani ya draivu. Kaseti ikiingia, draivu hukamata pini ndogo iliyofungwa mwanzoni mwa kanda na kuivuta hadi kwenye gurudumu lake. Kaseti ikianguka sakafuni, pini inaweza kuchomoka mahali pake au kingo za kanda zikakunjika, na kwa nje usione alama yoyote. Kanda yenyewe ina upana wa nusu inchi, urefu wa mita 960, na unene usiofika mikroni sita. Juu ya nusu inchi hiyo zimepangwa njia 6,656. Kichwa cha draivu huandika njia 32 kwa pamoja hadi mwisho wa kanda, kisha kinahamia pembeni kidogo na kanda inarudi upande ilikotoka, kama mkulima anayelima tuta, akifika mwisho wa shamba anageuka na kushika tuta linalofuata. Kaseti ikijaa, kanda imekwishapita mbele ya kichwa mara 208.

Treni iliondoka. Pugu, Soga, Ruvu zikapita upesi. Mama alikuwa ameweka mkoba wake mapajani na hakuuacha hata alipokwenda kunawa mikono. Ndani yake kulikuwa na diski ndogo yenye faharasa, yaani hifadhidata inayosema faili gani iko kwenye kaseti gani na sehemu gani ya kanda. Bila faharasa kaseti bado zinasomeka, ila mtu atalazimika kuzipitisha zote, mwanzo hadi mwisho, ili ajenge faharasa upya, na kaseti moja iliyojaa huchukua saa tisa na zaidi hata draivu ikienda kwa kasi yake yote. Kaseti ishirini ni wiki nzima ya kusoma mfululizo kabla hujarudisha wimbo mmoja. Ndiyo maana faharasa ilisafiri kwenye mkoba na siyo kwenye sanduku: kimoja kikipotea, kingine kibaki. Na ufunguo wa kufungulia data, kwa kuwa kila kitu kwenye kaseti kimesimbwa, haukuwa nasi kabisa. Ulikuwa umekwishatangulia Dodoma ndani ya bahasha iliyofungwa kwa lakiri, na mtu mwingine, wiki nyingine.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwa nini Mama hapendi mtu aseme “tuna bekapu” akimaanisha rundo la kaseti. Kaseti ni moja ya vitu vitano. Vingine ni draivu inayoweza kuisoma, faharasa, ufunguo, na mtu anayejua kuviunganisha vyote siku ambayo wale waliovitengeneza hawapo. Kimoja kikikosekana, huna kitu. Safari yetu ilikuwa ya kuvifikisha vyote vitano mahali pamoja kwa njia tofauti, na kati ya hivyo, kile cha tano hakibebeki kwenye begi.

Morogoro tuliona Uluguru upande wa kushoto, kilele kikiwa kimefunikwa na wingu. Baada ya tambarare za Mkata reli inaingia kwenye vilima vya Kilosa, ina mahandaki na madaraja, na chini bondeni unauona mto Mkondoa. Reli ya zamani, ambayo Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 na kuifikisha Kigoma 1914, inafuata bonde hilohilo, na mwishoni mwa 2009 kuingia 2010 mafuriko yaliing’oa hapo Kilosa. Mama alinionyesha kwa kidole. Kisha akanikumbusha Desemba 2011, mvua ilipoizamisha Dar es Salaam na bonde la Msimbazi likapoteza watu. Chumba chetu cha seva jijini kiko ghorofa ya chini. Dodoma ni nchi kavu, iko zaidi ya mita elfu moja juu ya usawa wa bahari, na tangu serikali ilipoanza kuhamia huko kwa kasi mwaka 2016 majengo yenye umeme wa uhakika na jenereta yameongezeka. Maji yatakayoifikia Dar hayawezi kuifikia Dodoma siku hiyohiyo.

Lakini maji siyo adui pekee. Februari 2011, hitilafu ya programu iliwafutia baadhi ya watumiaji wa Gmail barua zao zote. Google ilikuwa na nakala za data hizo kwenye diski katika vituo zaidi ya kimoja, na hitilafu ikazigusa. Barua zilirudishwa kutoka kwenye kanda, kwa sababu kanda iliyo nje ya draivu haisikii amri ya mtu yeyote: haifutiki kwa programu mbovu, wala kwa wezi wanaofunga data za watu na kudai fedha. Nimesikia mara nyingi kwamba kanda ni teknolojia ya wazee. Ni kweli imeanza zamani, IBM iliuza draivu yake ya kwanza ya kanda ya sumaku mwaka 1952, lakini LTO-8 niliyokuwa nayo miguuni ni ya 2017.

Baada ya Gulwe nchi ilibadilika. Mibuyu haikuwa na jani hata moja, udongo mwekundu, vumbi likizunguka peke yake mashambani. Dodoma tulipokewa na fundi wa kule, kijana wa Kigogo, akamwamkia Mama shikamoo na kunifundisha mimi salamu ya “mbukwenyi”. Tulikwenda moja kwa moja kwenye chumba cha seva, tukaliweka sanduku sakafuni likiwa limefungwa, tukaondoka.

Fundi alishangaa kwa nini hatukulifungua. Hilo likawa swali lake la kwanza, nami nikaliandika. Kaseti zilizotoka Dar es Salaam zimetoka kwenye hewa nzito ya bahari. Zikiingizwa kwenye draivu kabla hazijazoea joto na ukavu wa chumba kipya, kanda inaweza kusinyaa au kutanuka kiasi cha kichwa kuzipoteza njia zake. Huachwa saa 24. Kwa kuhifadhi miaka mingi, kaseti za LTO hutaka nyuzi 16 hadi 25 na unyevu wa asilimia 20 hadi 50, hali ambayo Dar huipati bila kiyoyozi kisichozimwa. Dodoma unyevu si tatizo. Tatizo ni vumbi, na fundi alikuwa amekwishaziba nafasi zote za mlango kwa mpira, akaweka zulia la kufutia miguu nje na jingine ndani. Hakuna aliyemwagiza.

Kesho yake Mama aliweka sharti: kibodi ataigusa fundi tu. Sisi tuna karatasi za maelekezo tulizoandika Dar, yeye atazifuata, na pale atakapokwama ndipo karatasi ilipopungua.

Maktaba ya kanda ni kisanduku cha chuma kilichofungwa kwenye raki, kina makasha mawili, kulia na kushoto, kila moja likiwa na nafasi 12. Kati yake inapita roboti, mkono mdogo unaokwenda mbele na nyuma, juu na chini, na nyuma kabisa ziko draivu mbili. Nafasi moja imetengwa kuwa mlango wa kuingizia na kutolea kaseti bila kufungua kasha. Tuliingiza kaseti zetu ishirini, moja ya kusafishia, na moja tupu ya majaribio. Zetu zote tulikuwa tumezisogezea kile kidude cha kuzuia kuandika kabla ya kutoka Dar, ili hata mtu akikosea amri, draivu ikatae. Roboti ilipita ikimulika barkodi za kila kaseti, herufi sita na mwishoni L8, mpaka orodha ikakamilika kwenye kioo.

Kisha likaja jambo lililotuchukua asubuhi yote, na ambalo kwa maoni yangu ndilo moyo wa kazi nzima.

Mbele ya seva, roboti na draivu ni vifaa mbalimbali visivyojuana. Roboti inajua kaseti ipi iko nafasi ipi, lakini haijui kilichoandikwa ndani. Draivu inajua kilichoandikwa, lakini haijui kaseti imetoka nafasi gani. Fundi alipoandika amri ya lsscsi, Linux ilimwonyesha mistari mitatu ya maktaba: mmoja wa roboti, ambao huitwa mediumx, na miwili ya draivu, ambazo seva huziita nst0 na nst1. Alipoiuliza roboti kwa amri ya mtx, ikamjibu kwamba ina draivu 0 na draivu 1, na nafasi kuanzia 1 hadi 24. Draivu zinahesabiwa kuanzia sifuri na nafasi kuanzia moja. Fundi akauliza kwa nini, na hakuna aliyekuwa na jibu zaidi ya kwamba ndivyo programu ilivyoandikwa.

Mtu yeyote angedhani draivu 0 ya roboti ndiyo nst0 ya seva. Karatasi yetu ilisema usidhani, jaribu. Fundi akaiamuru roboti ichukue kaseti tupu na kuiweka draivu 0. Tukausikia mkono ukisogea, kaseti ikamezwa, draivu ikanguruma ikivuta kanda. Akauliza hali ya nst0 kwa amri ya mt. Jibu: iko wazi, haina kitu. Akauliza nst1. Jibu: kaseti imo, iko tayari.

Zimepishana. Seva huzipa draivu majina kwa kufuata ile iliyoitika kwanza inapowashwa. Maktaba huzihesabu kwa mahali zilipofungwa. Hakuna aliyewahi kuzikalisha pamoja zikubaliane, na ukibadilisha kebo au kuongeza kadi, majina ya seva yanaweza kugeuka tena baada ya kuwasha upya. Ukiacha hivyo, usiku kazi inaanza, roboti inaweka kaseti kwenye draivu moja, programu inasubiri kwenye nyingine iliyo tupu, muda unakwisha, na asubuhi hakuna nakala. Programu tunayotumia ni Bacula, ambayo Kern Sibbald alianza kuiandika mwaka 2000, nayo husoma lebo ya kaseti kabla ya kuandika chochote. Kwa hiyo haifuti kazi ya jana kwa kukosea draivu. Lakini kukataa kuharibu siyo sawa na kufanya kazi.

Dawa yake ni kuachana na majina ya nst0 na nst1 kabisa. Kila draivu ina siriali namba iliyopigwa kiwandani, na maktaba huionyesha kwenye ukurasa wake wa usimamizi. Upande wa seva, kwenye folda ya /dev/tape/by-id, Linux huweka majina yenye utambulisho wa kudumu wa draivu, ambayo hayabadiliki hata seva ikizimwa mara mia. Fundi alizilinganisha herufi kwa herufi, akizisoma kwa sauti nami nikizifuata kwa kalamu, kisha akaandika kwenye usanidi wa Bacula: draivu yenye utambulisho huu ni namba 0, yenye utambulisho huu ni namba 1, na roboti yao ni hii. Akalirudia jaribio kwa draivu zote mbili. Akazima seva, akaiwasha, akajaribu tena. Zilikubaliana.

Swali lake lililofuata lilikuwa zuri kuliko yote: kwa nini majina yote yanaishia na nst na siyo st, wakati vyote viwili vipo? Karatasi yetu ilikuwa imeandika nst bila kueleza. Ukitumia st, kila programu inapomaliza na kuiachia draivu, kanda inarudishwa mwanzo. Anayefuata kuandika ataandika juu ya kazi ya aliyetangulia. Herufi ile moja ya n ndiyo inayoiambia draivu ibaki ilipofika. Nililiandika jibu lote, na Mama akaniambia niliandike kwa herufi kubwa.

Mambo mengine yalikwenda haraka. Kaseti tupu ilipitishwa kwenye jaribio la btape, ambalo huandika vipande vya data, hurudi nyuma na kuvisoma. Programu hii haiulizi kaseti ni ya nani, kwa hiyo zetu hazikuguswa. Kaseti ya kusafishia, inayojulikana kwa barkodi inayoanza na CLN, ikatambulishwa kwa Bacula ili isije ikachukuliwa kuwa ya kuandikia. Na kwa kuwa nakala za usiku za ofisi ya Dodoma zitaandikwa hapohapo, fundi aliziwekea nafasi kwenye diski za seva zikusanyike kwanza, ndipo zimwagwe kwenye kanda kwa mkupuo. Draivu ya LTO-8 inaweza kumeza megabaiti 360 kwa sekunde. Ikiletewa data kwa kudonadona, inasimama, inarudi nyuma, inaanza tena, na mwendo huo huichosha kanda na kichwa pia.

Wakati faharasa inapakiwa kutoka kwenye diski ya Mama, fundi aliuliza kuhusu kaseti zetu za zamani za LTO-5 zilizobaki Dar. Zikija hapa, zitasomeka? Hazitasomeka. Draivu ya LTO-8 husoma LTO-7 na LTO-8 tu, haishuki chini ya hapo. LTO-5 ilitoka mwaka 2010 na tayari inahitaji draivu yake. Mama aliingia idara hii enzi za riili za robo inchi, na anajua makabati yenye sauti ambazo kanda zake ni nzima, ila mashine ya kuzichezesha imeadimika na fundi aliyejua kuirekebisha amekwishafariki. Alisema kila kizazi cha kaseti kinapaswa kuhamishwa kabla draivu zake hazijaanza kuadimika, na kwamba anataka kazi ya kuhamisha LTO-5 ianze mwaka huu, hata kama italazimu kuahirisha ununuzi mwingine. Ninakubaliana naye kabisa. Fedha za draivu huonekana nyingi kwenye bajeti, lakini sauti ya mzee aliyekwishafariki haina mahali pa kununuliwa.

Mchana fundi alifungua bahasha ya ufunguo mwenyewe, akasaini kwenye daftari. Mama alimwomba achague rekodi yoyote kwenye faharasa, bila kutuambia. Alichagua mahojiano na fundi wa majahazi. Bacula ikataja kaseti, roboti ikaenda nafasi ya 9, ikaibeba hadi draivu 1. Kanda ikazunguka kama dakika moja kuitafuta sehemu yake, kisha faili likaanza kushuka kwenye diski. Lilipokamilika, alipiga hesabu ya SHA-256 na kuilinganisha na ile iliyoandikwa Dar siku rekodi ilipohifadhiwa. Herufi zote 64 zililingana. Akafungua faili, na mzee akaanza kueleza namna ya kuchagua mti wa mkuku, akikohoa katikati ya sentensi. Fundi, mtu wa bara ambaye hajawahi kupanda jahazi, alisikiliza mpaka mwisho kabla ya kuendelea na rekodi nyingine. Alichagua tano, kutoka kaseti tano tofauti, na zote zilirudi sawa.

Maswali niliyoandika yalijaza kurasa kadhaa. Jioni tulikaa naye tukaingiza majibu kwenye karatasi za maelekezo, mahali pake, kwa lugha yake, siyo kwa ile tuliyoandikia sisi tunaojua tayari. Alizisoma upya, akafuta sehemu mbili alizoona ni maneno matupu, akachora mchoro wa nyuma ya raki wenye kebo na siriali namba za draivu zote mbili. Kisha akatugeukia na kusema msafara ujao tuje na kaseti mbili za kusafishia, siyo moja, kwa ajili ya vumbi la Oktoba, na kama inawezekana tutangulize nakala mpya za zile LTO-5 zitakazokuwa zimehamishwa, apate kuzijaribu kabla mvua hazijaanza.